Mstari wa Mama Yako Uliobaki Wazi

Mpofi, usiku wa kuamkia safari yako

Sifa, mwanangu, mama yangu mdogo,

Nimengoja ulale ndipo nikachukua kalamu. Ungeniona naandika ungeniuliza naandika nini, na mimi ukiniuliza jambo uso kwa uso najibu lingine. Unanijua. Mambo ya njia amekwisha kukueleza shangazi yako Odeta, tena mara mbili: pikipiki itapumzika wapi, utamsalimia nani Walikale, nguo gani usivae Kisangani, begi gani usimpe mtu akushikie hata akiwa mchungaji. Sina la kuongeza hapo. Kisangani nilifika mara moja tu kabla hujazaliwa, na ninachokumbuka ni joto na samaki.

Nataka kukuandikia juu ya ile faili. Cheka tu. Wazazi wengine wanaandika juu ya Mungu na heshima, na baba yako anaandika juu ya faili. Lakini wewe na mimi, tangu mama yako alipoondoka, mambo makubwa tumeyasemea humo. Tulipokuwa tukisema "mstari wa mwisho" sote tulijua tunamsema nani, na hakuna aliyelitaja jina lake. Usiku huu nitalitaja. Ujeni. Mama yako Ujeni.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipofika hapa kutoka Karuba. Unakumbuka matope na ile turubai iliyokuwa ikipiga kelele kwa upepo. Mimi kule nyumbani nilikuwa sekretari wa shule, basi walipotafuta mtu wa kuingiza majina ya watu wa kambi kwenye tableti, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mama yako alicheka. Alikuwa akiniita Bwana Saa, kwa sababu nilijua saa ya kila jambo la dunia na mimi mwenyewe sikuwahi kufika mahali kwa wakati. Siku ya harusi yetu nilichelewa, na nilikuwa nimevaa saa mbili, moja ya kwangu na moja ya kuazima.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi sasa, lakini niache niiseme, maana nikiisema napata njia. Kila mtu wa kambi alikuwa na mstari wake: yupo. Akiondoka, mstari wa kwanza haufutwi. Unaongezwa mwingine chini yake: hayupo, na mashine inaandika siku na saa. Akirudi, mwingine tena: yupo. Akihama, akirudi kijijini kwake, akifa, vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi wakubwa wa kazi walitaka kujua kila mtu amekaa muda gani katika kila hali, na hesabu yake si ngumu. Unachukua saa ya mstari wa chini, unatoa saa ya mstari wa juu yake, unapata muda. Kisha unajumlisha "yupo" zote pamoja na "hayupo" zote pamoja. Nilijisifu sana kwa hesabu hiyo. Nilidhani mtu akishajua kutoa saa kwa saa, hakuna kitakachompotea.

Kulikuwa na sheria moja, ile ya usiku tatu. Mtu akilala nje ya kambi zaidi ya usiku tatu, anaandikwa hayupo, na akiandikwa hayupo anatolewa kwenye mgao mpaka aonekane tena kwa macho. Aliyetunga sheria hiyo hakuwa na shamba kwetu Masisi. Watu wetu walikuwa wameacha maharagi yamekauka kwenye miti yake na viazi chini ya udongo, na tangu siku ya kwanza wanawake walikuwa wakipanda milima kwa zamu, wanakwenda kundi kundi, wanavuna wanachoweza, wanarudi na mizigo. Siku tatu za mguu kwenda, tatu kurudi, na katikati siku za kuchimba. Sheria ile iliwahesabu kama watu waliotuacha. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho kila mwandishi wa kambi zetu alifanya: niliwaacha "yupo" mpaka warudi. Watoto wao waliendelea kupika mgao, nami sikuona ubaya. Hata leo sioni kwamba huo ndio ulikuwa ubaya. Ubaya ulikuja baadaye.

Mama yako aliondoka Jumatatu kabla ya jua, yeye na wanawake saba. Nilimsindikiza mpaka darajani. Aliniambia niangalie usitoke na miguu wazi kwenye matope, na nisipike mimi, kwa sababu ugali wangu ungewafukuza hata panya. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyatafuta mengine mazuri zaidi, hayapo.

Hapa ngoja nikuambie jambo ambalo lilinipasa kukuambia zamani. Najua unaamini wewe ndiye uliyemtuma. Ulikuwa umetoka kwenye malaria, unga wa kambi ulikuwa haupiti kooni, ukalia unataka viazi vya kwetu. Nilikusikia ukimwambia Odeta, mwaka jana, mkifikiri niko nje: "Tantine, miye njo nilimutuma mama. Nilisema minataka viazi, akaenda." Nilikusikia na sikuingia.

Sifa, kabla ya kutoa saa kwa saa, kazi ya kwanza ni kupanga mistari, kila tukio mahali pake. Wewe mwenyewe hunikaripia nikisahau. Ukitoa bila kupanga unapata jibu, tena jibu zuri, na ni uongo. Basi panga nami. Wanawake wale walipatana safari yao Ijumaa, mahali pa kuchota maji. Jioni hiyo mama yako aliniletea habari, tukabishana, nikashindwa. Jumamosi alishona kile kikapu kilichopasuka. Wewe uliomba viazi Jumapili, baada ya misa, na yeye tayari alikuwa ameshafunga mzigo wake chini ya kitanda. Alikukubalia kwa sauti ili ujisikie vizuri, kama mama anavyofanya. Hukumtuma. Alikuwa anakwenda. Ulichofanya ni kuomba chakula kwa mama yako ukiwa mgonjwa, na hiyo ni haki ya kila mtoto.

Kwa nini sikukuambia mwaka jana, wala miaka ile mingine? Nimejiuliza jioni nzima. Nadhani ni kwa sababu mzigo ulikuwa mzito na nilipoona kuna mwingine anayeshika upande mmoja, sikumwambia aachilie. Andiko hili ni la aibu lakini ndivyo ilivyo.

Wale saba walirudi Jumatano ya wiki iliyofuata bila mama yako. Waliachana naye kwenye njia panda, wao mashamba yao yalikuwa karibu, yeye akaendelea peke yake kupanda Karuba. Walimngoja hapo siku nzima kama walivyoahidiana. Kisha, Jumamosi, wakasikia milio ya risasi upande wa Mushaki, njia ikajaa watu wanaokimbia, wakachukua mizigo yao wakaja. Sikuwalaumu siku ile wala leo. Walikuwa na watoto hapa.

Ijumaa wakaguzi walikuwa wanafika. Ndipo nikafungua mstari wa mama yako na kuandika hayupo. Mashine ikaandika saa yake, Ijumaa ile, asubuhi. Wale saba mashine ilisema hawajaondoka hata siku moja. Kwa hiyo kwa mujibu wa tableti, mwanamke mmoja tu alitoka kambini, peke yake, siku ambayo kwa kweli hata unyayo wake ulikuwa umeshafutika njiani.

Madamu Feza, yule aliyekuwa na kazi ya kutafuta waliopotea, alikuja na karatasi zake. Unamkumbuka, mwembamba, haketi. Aliangalia tableti, akaniuliza kama mke wangu aliondoka siku ile inayoonekana pale. Mkaguzi alikuwa amesimama kando yangu. Nyuma yake, mlangoni, walikuwa wamesimama wawili wa wale wanawake, na macho yao yalinisihi. Nilifikiria nyumba saba kuondolewa mgao. Nilifikiria kazi yangu pia, usidhani nilikuwa mtakatifu. Nikajibu kwamba ni kama mashine inavyoonyesha.

Wakaenda kuuliza njia nzima juu ya mwanamke aliyepita peke yake kuanzia Ijumaa ile. Nani angemwona? Waliomwona ni wale waliokuwa njiani siku za nyuma, na wao hawakuulizwa. Mwezi mzima walimtafuta mtu mahali pake palipo sahihi na kwa wakati usio wake.

Wewe ndiye uliyevunja jambo hilo. Ulikuwa unaosha vyombo, mimi nimeketi namsimulia Odeta jinsi wanavyomtafuta. Hata hukugeuka.

"Papa, siku ya ine njo nilipika miye," ulisema. "Na siku ya tano, na siku ya posho. Mama hakukuwa. Juu ya nini unabaambia alikuwa?" Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ya wiki aliyoondoka: ulizikumbuka zote.

Kesho yake nilikwenda kwa Madamu Feza nikamwambia yote. Nilitegemea atanifokea. Aliketi, mara ya kwanza kumwona ameketi.

"Papa Sifa," alisema, "kama ungesema ile siku, tungeuliza batu benye walikuwa pa njia panda. Sasa bote balisha kimbia. Nitauliza nani?"

Waliniondoa kazini kwa muda, kisha wakanirudisha kwa kuwa aliyewekwa badala yangu alikuwa akiandika kwa kidole kimoja. Nyumba saba zilikosa mgao mara moja, zikasamehewa. Mmoja wa wale wanawake alikuja kunitukana hapa mlangoni, halafu akakaa, akalia nami. Hayo yote yalipita. Jibu la Madamu Feza halikupita. Mashine ilikuwa inaandika saa niliyobonyeza, wala haikujali saa ambayo mtu aliondoka. Nilijua tofauti hiyo tangu siku ya kwanza ya kazi. Ningeweza kumfundisha mtu. Nikaifanya ndogo kwa sababu siku nyingine zote ilikuwa ndogo kweli.

Huko unakokwenda utasoma takwimu na watu waliosoma kuliko mimi, watakupa mashine nzuri. Sikupi onyo. Nakusimulia tu kilichonipata.

Halafu ukakua. Nakumbuka alasiri ile ya Jumapili uliponiomba nikufundishe hesabu ya hali, ukiwa darasa la tatu la sekondari. Nilifurahi kupita kiasi, nikajifanya profesa. Ulipanga, ukatoa, ukajumlisha, ukanizidi kasi kabla chai haijapoa. Kisha kidole chako kikasimama kwenye kioo.

"Papa, huyu mwenye hana mustari ya chini, saa ya mwisho iko gani?"

Nilikuambia kwamba kwa hali isiyokwisha tunaweka saa ya leo. Ukauliza na kesho je. Nikasema kesho mashine yenyewe itaweka ya kesho.

"Basi haitaisha," ulisema. "Kila siku tutafungua, itakuwa imeongezeka."

Hukuwa unauliza hesabu. Nami nilijua huulizi hesabu, nikakuonyesha namna ya kupaka rangi safu.

Tangu siku hiyo kila nilipofungua faili, "hayupo" ya mama yako ilikuwa imerefuka. Kulikuwa na njia mbili tu za kuifunga: arudi, au aandikwe amekufa. Ya kwanza haikuwa mkononi mwangu. Ya pili niliikataa. Odeta alinijia mara nyingi akitaka tuweke kilio, watu waketi, tunyolewe, mambo yaishe. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kilio ni cha maiti, na mimi sina maiti, nina mke ambaye hajafika. Yeye akasema, "Kaka, huyu mutoto anaishi na mama mwenye hakufa na hayuko. Atafanya nini na yeye?" Nilimfukuza dada yangu nyumbani kwangu kwa neno hilo. Alirudi baada ya wiki na ndizi, hakulisema tena.

Kambi ilipovunjwa na wengine wakaenda zao, wengine Pinga, wengine kujaribu tena Masisi, mimi nilijenga hapa kando ya barabara, na mlango nikauelekeza upande wanakotokea watu wa milimani. Nilisema mama yako akirudi lazima atukute mahali alipotuacha. Lilionekana neno la mapenzi. Majirani walinisifu. Wewe ulikuwa unafagia mbele ya mlango huo kila asubuhi.

Mwaka jana ulipata nafasi hii hii ya Kisangani. Diploma yako ya sekondari ilikuwa nzuri, Odeta alikuwa ameshampata mtu wa kukupokea. Ukakataa. Nilikuuliza sababu, nikitumaini utasema huipendi shule. Ukasema: "Papa, nani atabaki ku mlango?"

Ungeniona moyoni siku ile ungeondoka usiku uleule. Nilifurahi, Sifa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwamba unabaki. Ndiyo furaha mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Miezi michache iliyopita, ulipokuwa umekwenda kumsaidia Odeta shambani, nilichukua karatasi nikajaribu hesabu kwako wewe. Sikutumia mashine, niliona aibu mbele yake. Niliandika: mtoto. Chini yake: mpishi wa nyumba. Mwanafunzi. Muuguzi wangu, ule mwaka nilipougua mguu. Nikakwama hapo hapo, kwa sababu kwenye tableti mtu akianza hali moja ile nyingine imekwisha, na wewe ulikuwa unapika na ni mtoto, unasoma na unanifulia, yote kwa saa ileile. Na chini ya yote kulikuwa na hali moja ambayo haikukatika tangu miaka yako kumi na mitatu, hata ukiwa shuleni, hata ukiwa umelala: unangoja. Nilipofika kuitoa, nikaona ni ndefu kuliko miaka mingine yote ya maisha yako unayoikumbuka. Tena aliyekuweka humo si vita. Vita ilimchukua mama yako. Wewe uliwekwa na mimi.

Nilichana karatasi. Jioni hiyo, ukiwa unakula, nilikuambia uandike tena barua ya Kisangani. Uliniangalia kama mtu anayesubiri sentensi ya pili. Sikuwa nayo. Nimeipata leo.

Mama yako amekufa, mwanangu.

Hakuna aliyeniletea habari mpya. Hakuna mtu aliyetokea Karuba, hakuna nguo iliyopatikana, usifikiri nimekuficha kitu. Mlima ule ule, njia ile ile, kimya kile kile. Nakuambia tu kile ambacho mtu mzima mwenye akili alitakiwa kukiambia nyumba yake zamani. Angekuwa hai angekuja. Unamjua. Yule mwanamke alitembea siku tatu kwa ajili ya maharagi, angeshindwa kutembea kwa ajili yako? Ujeni hakutuacha na hakupotea kwa kupenda. Alikufa mahali fulani kati ya njia panda na nyumbani kwetu Karuba, akienda au akirudi, na sisi hatukumlilia.

Mchana wa leo, wakati wewe na Odeta mnafunga begi, nilifungua tableti. Bado wananitumia mimi kuweka sawa faili za zamani, unajua. Nikashuka mpaka jina lake. Nikaongeza mstari. Nikachagua neno ambalo kidole changu kililiruka kila mara. Mashine ikaniuliza tarehe ya tukio.

Nilitaka kuweka Jumamosi ile ya milio ya Mushaki. Kisha nikasema, unajuaje? Nikataka kuweka ya leo, ili imalizike, na mkono wangu ukakataa wenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo dhambi ileile, kuandika saa yangu na kuiita saa yake. Nilimdanganyia mama yako wakati mara moja, na ilimgharimu. Sikuweza kumfanyia mara ya pili. Nikateremsha kioo chini kutafuta namna ya kutoka, na chini kabisa, mahali ambapo miaka yote sikuwahi kufika kwa kuwa sikuwahi kuchagua neno lile kwa mtu wangu, kulikuwa na kisanduku kidogo: tarehe haijulikani. Nikakiweka alama. Niliporudi kwenye hesabu, pale palipokuwa na ule muda unaorefuka pakawa patupu. Haikuandika sifuri. Iliacha nafasi tu. Nikalia, Odeta akanisikia, akafunga mlango ili usiingie.

Kwa hiyo huendi ukiwa umeuacha mlango bila mtu. Mlango hauna tena anayengojwa. Ukiwa Kisangani na umechoka, usihesabu siku tangu ulipotoka hapa, na usinipigie simu kuniuliza kama kuna aliyepita. Ukitaka kurudi kwa sababu umenikumbuka, rudi, nitachinja kuku na kumpika mimi mwenyewe, utubu. Lakini usirudi kulinda chochote. Ukipenda mtu huko, mpende. Akikuuliza mama yako yuko wapi, jibu unalo sasa, na utakapolisema utalia, na baada ya kulia utaendelea na mazungumzo. Hilo la kuendelea na mazungumzo mimi sikuliweza, kwa sababu sikulisema.

Nitakuwa na huzuni wewe ukiondoka, nisikudanganye. Nyumba itakuwa kubwa. Odeta anasema atahamia hapa, na nimeshaanza kumwonea huruma. Hiyo ni huzuni ya kawaida, ya kila mzazi, na naitaka. Niliikosa kwa miaka mingi kwa kukaa na ile nyingine.

Sasa jambo la mwisho, na hili si la barua, ni la asubuhi. Wewe umekulia kambini na hukuwahi kuona wazee wetu wanafanya nini mtu akifa mbali na mwili usipatikane. Wanakata mgomba, shina lake, urefu wa mtu. Wanalifunika kwa nguo ya marehemu, wanalichimbia kaburi na kulizika kwa jina lake, na watu wanalia kama wanavyolia kwenye maiti. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nikisoma masomo kanisani, nilisema hayo ni ya kipagani. Leo nilimwendea mkatekista kumuuliza. Akasema atakuja kusali.

Odeta amekata mgomba jioni, uko nyuma ya nyumba. Kitenge ni kile cha kijani cha mama yako, ambacho uliniuliza kiko wapi ulipokuwa ukipanga vitu vyako nikakuambia sijui. Nilijua kilipo. Nusu nimekikata, imo ndani ya begi lako chini ya vitabu. Nusu nimemvika.

Kwa hiyo ukiamka kabla ya jua na kusikia jembe, usiogope, ni mimi. Yule kijana wa pikipiki akipiga honi, toka umwambie azime, angoje kidogo. Kisha pita nyuma, uje bila viatu.

Tumzike mama yako kwanza, halafu uende.

Baba yako